Fungu Langu la Karanga

Tarehe 4 Februari

Kwa mdogo wangu, mama Chiriku,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi wazima, na shida ni zile zile ulizotuachia, hatujapata mpya za kujivunia. Mkanda wa mashine ya kusaga ulikatika Jumatatu, fundi akaushona kwa waya, na wateja wanasema sasa kelele zimezidi. Mimi sijui, masikio yangu mashine ilishayala zamani. Ndiyo maana nakukumbusha usipige simu dukani kwa jirani. Mwenye duka atakusikiliza yeye, kisha aje anipigie makelele ya mambo yetu mbele ya foleni nzima. Andika. Kusoma bado naweza.

Chiriku ameng'oka meno mawili ya mbele lakini maneno hayajapungua, yanatokea kwenye pengo kwa wingi zaidi. Darasa la kwanza ameanza vizuri. Mwalimu wake anasema anajibu maswali ya wenzake kabla hawajaulizwa. Ameshajua namna ya kuniita. Anachukua kile kijiti kilichofungwa kwa kamba na kugonga mdomo wa mashine mara tatu, kama wateja wanavyofanya. Kuniita kwa sauti ni kumpigia mbuzi gitaa, wote hapa wanajua.

Kuna jambo dogo ambalo nisingeliandika, ila sitaki ulisikie kwa mwingine. Alhamisi asubuhi nilimpa kijiko cha kwanza. Unajua desturi ya nyumba yetu, Mama aliianza na mimi sijaivunja: karanga za kwanza kutoka kwenye mashine haziuzwi, wanalamba watoto waliopo. Uliniambia pale kituo cha basi kwamba Chiriku hapendi karanga. Mdogo wangu, kupenda na kutopenda ni mambo ya watu wenye sahani mbili. Alitema, nikamlisha tena kwa mkono wangu mpaka akameza.

Kabla hajamaliza kufunga viatu mdomo wa juu ulikuwa umevimba, shingo imejaa vipele, na akatapika mara mbili. Nikamwosha, nikampa maji, akalala mpaka adhuhuri. Alipoamka akaomba chakula. Nadhani ni mdudu, maana viwavi wa washawasha wamejaa kwenye ule ua wa nyuma. Nimeufyeka wote. Usiwe na wasiwasi, fanya kazi iliyokupeleka.

Ni mimi dada yako.


Tarehe 25 Februari

Dada, shikamoo.

Barua yako imekaa njiani wiki tatu. Nimeisomea bwenini, nimesimama katikati ya kamba za nguo, maana vitanda sita vina watu sita na kila mmoja ana macho. Mimi mzima. Nashona kola za mashati, kola mia nne kwa siku, na nikifumba macho naona kola. Wenzangu ni watu wema. Mmoja anakoroma kama mashine yako, kwa hiyo nalala kama niko nyumbani.

Sasa Dada, kaa chini kwanza.

Si mdudu. Ni karanga. Chiriku alipokuwa na miaka mitatu jirani alimpa kipande cha biskuti kilichokuwa na karanga, na kabla sijajua kinachoendelea macho yalikuwa yamefumba kwa uvimbe na kifua kinapiga filimbi. Nilikimbia naye hospitali bila viatu. Daktari alisema ni mzio. Mwili wake unaziona karanga kama adui aliyeingia nyumbani, unapigana nazo mpaka unambomoa mwenye nyumba. Si deko, wala si tumbo bovu, wala hakuna mtu aliyemtazama vibaya. Akaniambia safari nyingine inaweza kuwa ndogo, au inaweza kumfunga koo, na hakuna ajuaye mapema itakuwa ipi.

Nilijua yote hayo siku nilipokukabidhi mkono wake pale kituoni. Nilikwambia hapendi. Nilichagua neno dogo, kwa sababu ningesema zinaweza kumuua, wewe mwenye magunia ya karanga mpaka darini ungenirudishia mtoto wangu, na ungekuwa na haki. Nami sikuwa na mtu mwingine. Baba yake unajua alivyo, yuko hai kwa jina. Mkataba nilikuwa nimeshautia sahihi. Nikajiambia nitakuandikia nikifika. Barua tatu nimezianza na zote nimeishia kwenye hali ya hewa.

Tena neno lenyewe ni la kwetu. Nilipokuwa mdogo nilimwambia Mama karanga zinaniwasha ulimi, akanipiga kwa mpini wa kijiko kwa kudeka. Nikajifunza kusema sipendi, nikawa naitwa mwenye maringo tu, na maringo hayapigwi sana. Bahati yangu ni kwamba nilikuwa na dada mlafi. Mama akigeuka tu, fungu langu lilikuwa limeshaingia tumboni mwako.

Dada, asile hata punje. Wala kijiko kilichogusa, wala mafuta yake, wala mkate uliopakwa kwa kisu kile kile. Ukiona vipele, midomo kuvimba, kutapika, kukohoa au kupumua kwa shida, usimlaze. Kimbia naye hospitali. Na kama unaweza, mwombe mwalimu, mtoto akae kwake mchana mpaka ufunge mashine. Nakuomba kwa magoti, ingawa huyaoni.

Mdogo wako.


Tarehe 17 Machi

Mdogo wangu,

Tumeipata barua na tunashukuru kwamba u mzima. Mvua imeanza. Chiriku amepata alama tisa kwa kumi kwenye kusoma, na ile moja anasema mwalimu ndiye aliyekosea.

Nimekaa chini kama ulivyosema. Kisha nikasimama.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe umekwenda mbali zaidi, umeyaficha ya mwanao ndani ya nyumba ya mtu mwingine. Kama ningemzika hapa, ungenitazama kwa jicho gani? Nimemwambia mwalimu, akasema mtoto akae kwake mpaka saa tisa, zaidi ya hapo na yeye ana watoto wake wanne.

Hilo nimelisema, sasa nisikilize na mimi. Karanga ndizo zilizotulea. Zilimlea Mama, zikatulea sisi, zikakununulia sare za shule na hiyo kalamu unayoniandikia. Sijamwona mtu aliyekufa kwa karanga, na nimezisaga miaka thelathini. Daktari wako alimwona mtoto kwa muda gani, robo saa? Mwili ni kama mguu kwenye maji ya moto. Unaingiza kidole, unatoa, unaingiza tena, mwisho unaoga. Akipata nguvu kidogo nitampa chembe, keshokutwa chembe mbili. Mambo haya ni mazoea.

Kwa sasa simpi, kwa kuwa umekataza. Unga wake wa uji nausaga hapa hapa, baada ya kuipangusa mashine kwa kitambaa safi, na kitambaa nimekifua mwenyewe. Siku nyingine anajikuna mdomo baada ya uji. Nadhani ni joto.

Sina zaidi.

Dada yako.


Tarehe 8 Aprili

Dada, shikamoo.

Natumaini mvua imekuwa ya kheri na haijaingia kwenye magunia. Mimi nimehamishwa kutoka kola kwenda vifungo. Wanasema ni kupanda cheo, ila kiti ni kile kile.

Usimpe chembe. Nimeisoma barua yako mara nyingi mpaka mkunjo wake umechanika pale penye maji ya moto. Yapo matibabu ya kuuzoesha mwili, nimeambiwa, lakini hufanywa hospitali, daktari amesimama hapo na dawa mkononi, kwa vipimo vidogo kuliko jicho linavyoona. Si kwa kidole cha mtu mwenye huruma. Na kitambaa hakitoi karanga kwenye mashine, Dada. Zinabaki kwenye meno ya chuma, kwenye nati, kwenye ule mdomo wa mbao. Anajikuna kwa sababu unamlisha karanga kila asubuhi bila kujua. Unga wake usagwe kwingine kabisa, kwenye mashine isiyojua karanga.

Nilivunja amri yako nikampigia simu mwenye duka. Nilimweleza yote. Alicheka, si kwa ubaya, akaniuliza kama mtoto anaogopa na mahindi pia. Alisema atakwambia. Sijui kama alikwambia.

Ndani ya kifurushi hiki kuna kalamu mbili za sindano, zenye dawa ya kufungua koo, za kipimo cha mtoto. Muuguzi wa kiwandani ndiye aliyenisaidia kuzipata. Akianza kuvimba na kupumua kwa shida, usingoje kuona kama itapita. Mlaze chali, au kama kupumua kunamshinda mwache akae, miguu ameinyoosha. Toa kifuniko, bonyeza ile ncha kwenye paja kwa nje, hata juu ya nguo, uishike hapo huku ukihesabu mpaka kumi. Kisha hospitali, hata kama ameamka na kuanza kuzungumza. Ya pili ni ya njiani, kama ya kwanza haijatosha. Kalamu ikae karibu naye wakati wote. Iende naye shule, irudi naye.

Jambo moja lingine. Muuguzi aliniuliza kama katika familia yuko mtoto aliyewahi kufa ghafla. Nikamwambia yuko Bwana Kofia, kaka yangu niliyemfuata, aliyekuwa akivaa kofia ya Baba mpaka inamfunika pua. Aliumwa na nyuki akiwa na miaka minne. Muuguzi akaniuliza, nyuki huyo alionwa na nani? Mimi nilikuwa na miaka miwili. Wewe ulikuwa na tisa.

Nani alimwona huyo nyuki, Dada?

Mdogo wako.


Tarehe 6 Mei

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mkanda mpya umepatikana. Chiriku anakusalimu, anasema umletee rangi ya zambarau, na mimi sijui rangi hiyo inatumika kuchorea nini.

Kifurushi kimefika salama. Kwa kuwa umesema ni vitu adimu, nimeviweka mahali pa heshima, ndani ya kasha la Mama, chini ya hati ya nyumba, nimevifunga kwa kitambaa cha sufu. Ufunguo uko shingoni mwangu, siuvui hata nikioga. Mtoto wa darasa la kwanza huwezi kumpa kitu kama hicho akipeleke shule, watakichezea.

Chembe sijampa wala sitampa. Unga wake nausaga alfajiri kabla ya karanga, mashine ikiwa imelala safi. Mashine nyingine iko mbali, tena wenyewe wana dharau.

Uliyoniuliza kuhusu marehemu, yaliyopita si ndwele. Tugange yajayo.

Dada yako.


Tarehe 24 Mei

Dada,

Fungua kasha.

Shikamoo. Nimesahau hata salamu. Fungua kasha, utoe kalamu, uzining'inize mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuzifikia. Koo la mtoto halingoji ufunguo. Mashine haikulala safi, Dada, mashine hailali safi kamwe. Nakuomba tena unga usagwe kwingine, hao wenye dharau wakudharau tu.

Nimekwenda kwa msimamizi kuomba kurudi nyumbani. Amefungua faili, akanionyesha sahihi yangu, akaniuliza kama naitambua. Mpaka Desemba. Siku hiyo nilijichoma sindano ya mashine kwenye kidole, ikatokea upande wa pili. Sikusikia chochote mpaka wenzangu walipopiga kelele.

Kinachoniua ni hizi wiki tatu. Kila ninachokuomba usifanye, huenda umeshakifanya. Naandika kwa mtu aliyeko mbele yangu siku ishirini, na huko aliko mimi sioni. Labda sasa hivi ninavyoandika Chiriku amekaa kwenye benchi anakusimulia ya shule. Labda.

Fungua kasha.

Mdogo wako.


Tarehe 13 Juni

Mama Chiriku,

Anapumua. Nimeanza na hilo ili usiyakimbize macho yako mpaka chini ya karatasi. Anapumua, amelala hapa pembeni yangu wodini, na jana alimuuliza muuguzi kwa nini amevaa soksi zisizolingana.

Sasa soma taratibu, kwa sababu mimi pia nitaandika taratibu.

Ilikuwa Jumatano. Alfajiri, kabla sijasaga unga wake, alikuja mama muuza mikate na debe mbili za karanga, ana haraka, anataka kuwahi. Nikamsagia. Kisha nikaipangusa mashine kwa kitambaa, nikasaga mahindi ya mtoto. Nilijiambia mara moja tu. Saa tisa alirudi kutoka kwa mwalimu, nikampa bakuli la uji, akakaa kwenye benchi nyuma yangu. Foleni ilikuwa mpaka barabarani.

Kijiti kiligonga mara tatu. Nilihisi mtikisiko wake kwenye chuma. Nikapunga mkono bila kugeuka, maana yake subiri. Kikagonga tena, mara mbili. Nikapunga tena. Nilikuwa nimekasirika, nikidhani ni wale wateja wasiojua foleni. Mara ya tatu kiligonga mara moja.

Nikageuka. Mdogo wangu, uso wake haukuwa uso. Midomo imegeuka rangi ya majivu, mikono imeishika shingo yake mwenyewe, na kifua kinavuta lakini hakuna kinachoingia. Watu wa foleni walikuwa wakipiga kelele muda wote huo, wameniambia baadaye. Mama mmoja alikuwa amenirukia mgongoni nikiwa naanza kugeuka. Mimi sikusikia mtu.

Nilimbeba mpaka chumbani. Ufunguo ulikuwa shingoni kama nilivyojisifu, na mikono yangu ilikuwa imejaa mafuta ya karanga. Ufunguo ukateleza. Nikaupangusa kwenye gauni, gauni nalo lina mafuta. Ukaingia, ukakataa kuzunguka. Nilijaribu mara ngapi sijui. Kisha nikachukua spana ya mashine nikalipiga lile kufuli la Mama mpaka likavunjika na ubao wake. Hati ya nyumba niliikanyaga. Nikabonyeza kalamu kwenye paja lake juu ya sketi ya shule nikahesabu, nikafika kumi, nikaogopa kuitoa.

Alivuta pumzi. Siwezi kukuandikia ilivyokuwa. Sikuisikia, niliiona kwenye mbavu zake.

Mwenye duka alitupeleka kwa gari lake, analia kuliko mimi, anasema alidhani ulikuwa unatania. Hospitali wakamlaza. Alianza kuzungumza, nikataka kuondoka naye, daktari akakataa, akaniandikia kwenye karatasi kwamba uvimbe huweza kurudi. Ulirudi baada ya muda wa saa nne. Kalamu ya pili wakaitumia hapo hapo, na dawa nyingine kwenye mshipa. Sasa hatuna kalamu hata moja.

Barua yako ya kusema nifungue kasha imefika jana. Mwenye duka ameileta wodini.

Uliniuliza swali na mimi nikakujibu kwa methali. Nitakujibu.

Hakukuwa na nyuki.

Mama alikwenda kununua mkanda, akaniachia nyumba. Nilikuwa na miaka tisa, niliwasha mashine mwenyewe kwa mara ya kwanza na nilijiona mkubwa. Karanga za kwanza zilipotoka nikajua wajibu wangu, kijiko cha kwanza ni cha watoto. Bwana Kofia alikataa. Alifunga mdomo akageuza kichwa. Nikambana pua, kama Mama alivyokuwa akitubana sisi, na alipofungua mdomo ili apumue nikamlisha. Alilia, nikamlisha tena. Kisha akavimba. Nilidhani anafanya makusudi kunitisha. Alipolala nikamfunika kofia usoni kwa sababu sikutaka kumwona.

Mama aliporudi nikasema nyuki. Sijui neno lilitoka wapi. Akamgeuza mwili mzima akitafuta mwiba, nyuma ya masikio, kati ya vidole. Hakuupata. Akanitazama. Hakuniuliza tena mpaka anaingia kaburini, na desturi ya kijiko akaiendeleza, nadhani ili na yeye asijue.

Ulipoandika kwamba ni karanga, sikukukatalia kwa ujinga, usinisitiri hivyo. Nilielewa siku hiyo hiyo. Lakini kama wewe ulikuwa mkweli, basi mimi ndiye niliyemuua ndugu yetu kwa mkono wangu, nimembana pua. Ilikuwa rahisi zaidi wewe uwe mwongo. Niliweka maisha ya mwanao kwenye mizani na uongo wangu, na kwa miezi mitatu uongo wangu ulikuwa mzito kuliko yeye.

Na lile fungu lako. Ulipoanza kusema zinakuwasha, sikufikiri chochote, mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nilikula fungu lako kila siku kwa miaka minane. Unaniita mlafi mpaka leo na mimi nacheka na watu. Sijawahi kuzipenda karanga. Tangu siku ile ya Bwana Kofia zilinikataa, nikizimeza zinarudi. Nilikula.

Mashine nimemwambia mwenye duka aifungue mkanda. Wateja wanakuja wanagonga kijiti na kuondoka. Tutakula nini sijui, sijafika huko. Njoo umchukue mwanao, au mtume mtu. Mimi sistahili kukabidhiwa hata kuku.

Dada yako.


Tarehe 5 Julai

Dada, shikamoo.

Natumaini mmeshatoka wodini na Chiriku amemwachia muuguzi amani yake. Barua yako nimeisomea chooni, ndiyo sehemu pekee hapa yenye mlango. Watu waligonga, sikufungua.

Sitakudanganya. Siku mbili nilikuchukia. Nilishona vifungo nikiwa nakuchukia, na vyote vilikaa vizuri. Niliona mkono wako ukipunga, subiri, subiri. Bado nauona. Siku ya tatu nikakumbuka nani aliyempeleka mtoto kwenye nyumba ya karanga akasema hapendi. Tulidanganya neno moja moja tu, Dada. Wewe ulisema nyuki na mimi nikasema hapendi.

Wewe ulikuwa na miaka tisa. Mimi nilikuwa na thelathini na sita.

Nimerudi kwa msimamizi na barua yako mkononi. Amesikitika kweli, akanipa maji ya kunywa. Mpaka Desemba. Hakuna mtu wa kumtuma. Shangazi zake upande wa baba yake wamejibu kwa kutojibu. Kwa hiyo usiniambie hustahili. Nimezunguka dunia nzima kwa kichwa changu, na kila nikimaliza nafika kwako. Sina mwingine, na yeye hana mwingine, na sidhani kama yuko mtu atakayemwogopea karanga kuliko wewe sasa.

Muuguzi amenipima na mimi. Ulimi uliokuwa ukiwasha haukuwa wa maringo. Anasema watu wazima nao hufa kwa hili, wengine hulipata ukubwani bila kuwahi kulijua, na kwamba miaka yote hii nimeponea kwenye bahati. Mimi nilikuwa najua sasa nimeponea kwenye nini. Nilikuwa nakucheka mbele za watu. Hata siku ya harusi yangu nilisimama nikasimulia habari za dada yangu mlafi, ukumbi mzima ukacheka, na wewe ukainuka ukajishika tumbo ili wacheke zaidi.

Amenipa kalamu moja ya kwangu. Nimemwomba abadilishe anipe ya kipimo cha mtoto, amekubali kwa shida, na iko ndani ya kifurushi hiki. Nyingine zitakuja baada ya miezi miwili. Mpaka wakati huo mimi nitakula wali mtupu wa kantini na kumuuliza mpishi maswali mpaka anichoke. Usinigombeze. Nawe hukuniuliza ulipokuwa unakula.

Ubao wa mlango wa mbele, upande wa kulia, usawa wa bega la mtoto, piga msumari. Kalamu ining'inie hapo, ndani ya mfuko mwekundu niliouambatisha, nimeushona mwenyewe kwa uzi wa kola. Akienda shule inakwenda, akirudi inarudi. Mwenye duka ajue, mwalimu ajue, muuza mikate ajue. Uwaonyeshe wote namna ya kuitumia. Yule aliyecheka aonyeshwe mara mbili.

Na kijiti usikitoe, hata kama mashine imenyamaza. Kifunge kitandani kwako, kwenye meza, popote unapokuwa umempa mgongo.

Kufuli lingine usinunue. Na akigonga, Dada, geuka.

Mdogo wako.